Nyumba isiyo na nyama si nyumba ya njaa



Katika vijiji vyetu vya Kivu kuna neno linalosemwa kila siku, wala hakuna anayelipinga. Baba anasema: «Kwangu jana hatukula.» Ukimwuliza: «Hata kidogo?» atajibu: «Tulikula maharagi tu.» Maana yake, kwake maharagi si chakula, sombe si chakula, na mtu aliyekosa nyama amelala njaa. Sisi tunalipinga neno hilo, na tunalipinga wazi wazi, kwa sababu si neno la mzaha. Neno hilo linaua watoto.

Linaua namna gani? Tazameni. Mtoto wa miaka miwili ameanza kuvimba miguu. Nywele zake zimegeuka rangi, zimekuwa nyekundu na laini, ngozi inambanduka, hataki kucheza, hataki hata kula. Watu wa Bushi wanaujua ugonjwa huo tangu zamani, nao wanauita bwaki. Wazazi wanalia: «Tufanye nini? Hatuna franga za kununua nyama.» Na katika nyumba hiyo hiyo, nyuma ya mlango, kuna mfuko wa maharagi unaongoja siku ya soko. Nyuma ya jiko lengalenga imejaa, mbuzi wanaikula. Maharagi yatauzwa, franga zitakwenda kwa kasiksi, na zile zitakazobaki zitarudi nyumbani kama vipande viwili vya nyama katika sahani ya baba. Mtoto atapewa bugali na mchuzi.

Basi tuseme kweli bila kuificha: mtoto huyo hakukosa nyama. Amekosa maharagi yaliyo nyuma ya mlango.

Wala msidhani tunasema habari ya nyumba moja au mbili. Uchunguzi uliofanywa katika Kongo nzima mwaka 2013 na 2014 ulionyesha kwamba katika watoto 100 wenye umri chini ya miaka mitano, 43 walikuwa wafupi kuliko inavyofaa kwa umri wao, kwa sababu ya kukosa chakula chema kwa muda mrefu. Vita, magonjwa na umaskini vina sehemu kubwa katika hesabu hiyo, tunajua. Lakini vita havikutuambia tuuze maharagi na kumnyima mtoto.

Mwili unadai nini?

Mwili wa mtu unajengwa kama nyumba. Nyumba inataka matofali. Vile vile inataka mtu wa kufanya kazi, mwenye nguvu ya kuyabeba. Nguvu ya kazi inatoka katika bugali, viazi, ndizi na mafuta. Matofali ni kile wanganga wanachokiita protini. Nyama ina matofali mazuri, hatukatai. Tunachokataa ni kusema kwamba hayapatikani penginepo.

Tuhesabu pamoja. Kilo moja ya nyama ya ng'ombe isiyo na mifupa ina protini karibu gramu 200. Kilo moja ya maharagi makavu inapita kidogo gramu 200. Kilo moja ya karanga ina karibu 250. Kilo moja ya soja ina 350 na zaidi. Sasa ulizeni bei sokoni, kila mtu katika soko lake, mwone kwa bei ya kilo moja ya nyama mama anaweza kurudi na kilo ngapi za maharagi.

Atakuwako mtu mwenye akili wa kutujibu: «Maharagi yakipikwa yanakunywa maji, na kipande cha nyama kinashinda kijiko cha maharagi.» Ndiyo, amesema vema. Kwa hiyo inafaa maharagi yaliwe ya kutosha, yasiwe kama kitoweo cha kuonja. Mtu mzima wa kilo 60 anahitaji protini gramu 50 hivi kwa siku. Sahani mbili nzuri za maharagi, pamoja na bugali wa mahindi na karanga kidogo, zinamfikisha huko.

Tena matofali hayo ni ya namna nyingi, na mwili unayataka yote. Mahindi na mtama zina upungufu wa namna moja. Maharagi, soja na njegere zinayo namna hiyo kwa wingi. Maharagi nayo yana upungufu wa namna nyingine, inayopatikana katika mahindi na mtama. Basi zinasaidiana kama mume na mke katika shamba moja. Si lazima zikutane katika sahani moja. Inatosha zikutane katika siku moja.

Lakini muhogo ni habari nyingine. Kilo moja ya unga wa muhogo ina protini gramu 20 tu, mara nyingi hata kidogo kuliko hizo. Muhogo unashibisha, unatoa nguvu, tunaushukuru, lakini haujengi. Mtoto anayekula bugali wa muhogo asubuhi na jioni, pamoja na chumvi na maji ya sombe, anashiba na huku anakufa.

Si kila sahani isiyo na nyama ni sahani njema

Hapa inafaa tuseme neno gumu kwa wale wanaofurahi kutusikia. Kukosa nyama si dawa. Maskini wengi wa nchi yetu hawali nyama mwaka mzima, nao hawana afya. Mtu asiyekula nyama anaishi vema akijua kuchagua. Asipojua, atapata taabu.

Ushahidi uko hapa hapa Kongo. Mwaka 1938 munganga Giovanni Trolli aliandika habari za ugonjwa wa Kwango ulioitwa konzo. Mtu analala mzima. Ghafula miguu yote miwili inakakamaa, wala haitapona tena kabisa. Sababu yake imejulikana baadaye: muhogo mchungu ulioharakishwa, usiolowekwa siku za kutosha, ukabaki na sumu yake, na pamoja na hayo, chakula kisicho na protini ya kuusaidia mwili kuitoa sumu hiyo. Wakati wa njaa na wa vita, akina mama wanafupisha siku za kuloweka, ndipo konzo inaposhambulia watoto na wanawake. Dawa ya kuuzuia ugonjwa huo ni siku tatu au nne za kuloweka muhogo mchungu, jua la kuukausha vizuri, na maharagi kando ya bugali.

Na bwaki? Mwaka 1935 munganga Cicely Williams, aliyefanya kazi katika Gold Coast, ambayo ndiyo Ghana ya leo, aliujulisha ugonjwa huo kwa wanganga wa dunia kwa jina la kwashiorkor. Ni neno la lugha ya Ga, nalo linataja ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa kifuani kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Wale wazee wa Ga waliona vema. Mtoto aliyeachishwa maziwa anatoka kwenye chakula bora kuliko vyote, anawekwa mbele ya bugali mtupu. Kuhara na surua vinamwongezea udhaifu, kisha anavimba.

Mtoto aliyekwisha kuvimba msijaribu kumponya nyumbani kwa maharagi, wala kwa nyama, wala kwa dawa za majani. Mpelekeni hospitali siku ile ile. Kule wataanza na maziwa yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Kisha watampa pakiti za karanga zilizosagwa pamoja na maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini. Angalieni: katika dawa hiyo inayowafufua watoto wa Afrika nzima hamna hata kipande kimoja cha nyama. Kuna karanga, zile mnazowauzia watoto wa shule kando ya njia.

«Majani ni ya mbuzi»

Tunajua wanaume watatucheka. Watasema: «Majani ni ya mbuzi. Mwanaume wa jembe anataka nyama.» Wengine wanafikiri watatushinda kwa kutuuliza kama tumekwisha kuona simba anakula sombe. Sisi nasi tungeweza kuwauliza ng'ombe mnayemtamani amepata wapi nyama yake, kama si katika majani. Lakini tusidanganyane: tumbo la ng'ombe si tumbo letu, na tumbo la simba si tumbo letu. Tuache wanyama, tutazame watu.

Tazameni Wakristu wa Ethiopia. Katika Kanisa lao la Orthodoksi waamini wanafunga siku zaidi ya 180 kila mwaka, na siku hizo hawali nyama, wala maziwa, wala mayai. Wanakula mikate yao ya nafaka pamoja na dengu, njegere na mboga, nao wanalima milima mirefu kama yetu. Tazameni wamonaki wa mtakatifu Benedikto. Kanuni yake iliandikwa katika karne ya 6, nayo ilikataza nyama za wanyama wenye miguu minne, ila kwa wagonjwa walio dhaifu sana. Wamonaki hao hawakuwa watu wa kukaa. Walifyeka misitu na kulima nchi za Ulaya. Na kila katekumeni anajua habari ya Danieli na wenzake watatu katika nyumba ya mfalme wa Babiloni, namna walivyoomba mboga na maji kwa siku kumi, na namna nyuso zao zilivyoonekana mwisho wa siku hizo.

Na wazee wetu wenyewe? Ng'ombe wa Bushi hakuchinjwa kila Jumamosi. Alikuwa wa mahari, wa urafiki, wa maziwa. Nyama ilikuwa ya sikukuu na ya mgeni mkubwa. Anayesema kwamba mababu waliishi kwa nyama kila siku anawasingizia mababu.

Wengine watasema: «Soja ni chakula cha wageni, walituletea wazungu na miradi yao.» Vema. Basi tupeni vile vile muhogo, mahindi, karanga na maharagi yenyewe, kwa sababu vyote vinne asili yake ni Amerika, vikavuka bahari kuja kwetu. Wazee walivipokea, wakavijaribu, wakavifanya vyao. Sisi tutakuwa wajinga kuliko wazee? Kule Mulungu, karibu na Bukavu, kituo cha INERA kinachunguza mbegu za maharagi, hata yale yanayopanda juu ya miti na kuzaa sana katika shamba dogo. Kazi hiyo yote itatufaa nini, kama mavuno yanapita mlangoni tu kwenda sokoni?

Lakini neno linalotuumiza zaidi ni lile la heshima. Watu wanasema: «Nyama ni heshima ya nyumba.» Tunaona ndugu zetu wakikopa franga kwa ajili ya nyama za ndoa, nyama za matanga, nyama za komunyo ya kwanza. Wageni wanakula siku moja. Mwenye nyumba analipa deni mwaka mzima, na deni linalipwa kwa maharagi ya watoto. Tangu vita vya mwaka 1996 ng'ombe wengi sana wa Masisi na wa Bushi waliibwa na kuchinjwa. Nyumba zilizokuwa na zizi zimebaki na kamba tu. Mtu akingoja ng'ombe warudi ndipo alishe watoto wake, atawazika kabla ng'ombe hajarudi. Heshima ya nyumba ni watoto wenye afya.

Na wale wanaosema nyama ni najisi

Sasa tugeukie upande wa pili. Kuna wahubiri wanaopita wakisema kwamba nyama ni kitu najisi, na mwenye kuila hataokoka. Hatuko pamoja nao. Kila kiumbe cha Mungu ni chema, na Kanisa lilikwisha kulikataa fundisho hilo zamani sana, katika mtaguso wa Braga, nchi ya Ureno, mwaka 561. Ijumaa tunaacha nyama kwa ajili ya kitubio. Hatuiachi kwa sababu ni mbaya. Tena sheria hiyo inamshika mtu aliyetimiza miaka 14. Baba asiitumie Ijumaa kumnyima yai mtoto wa miaka mitatu.

Mwenye kuacha nyama kwa moyo mwema, kwa kitubio, kwa afya, kwa umaskini au kwa kuwahurumia wanyama, amefanya jambo linalowezekana, wala asichekwe. Tena mwenye nacho asijisifu kwa makopo na sosisi anazoleta kutoka mjini. Mwaka 2015 watu wa Shirika la Afya Duniani wanaochunguza kansa walisema kwamba nyama za namna hiyo, zilizotiwa chumvi na dawa au kukaushwa kwa moshi, zinaleta kansa ya utumbo kwa wanaozila sana.

Lakini anayeacha nyama ajue neno moja, nasi tutakuwa waongo tukilificha. Kuna vitamini moja, inayoitwa B12, ambayo majani na maharagi hayana. Mtu mzima anahitaji kidogo sana, mikrogramu 2,4 kwa siku. Hata hivyo akiikosa miaka kadhaa damu yake inapungua, miguu inakufa ganzi, akili inafifia, na ubaya mwingine haurudi nyuma. Mama anayenyonyesha akiikosa, mtoto wake anaumia. Basi anayeacha nyama na samaki, ashike mayai na maziwa, au jibini la Masisi. Anayeacha hata hivyo vyote, lazima atafute vidonge vya B12, na asimlazimishe mtoto mdogo kumfuata bila shauri la munganga. Mahali pengine mila ilikataza wanawake na watoto kula mayai. Mila hiyo tuitupe. Na asiyekataa samaki, anao sambaza, walioletwa katika ziwa la Kivu kutoka Tanganyika mwaka 1959. Konzi moja katika uji wa mtoto inafaa kuliko mfupa mkubwa katika sahani ya baba.

Tufanye nini?

Maneno matupu hayajazi chungu. Haya ndiyo tunayowaomba wazazi wa parokia zetu:

1. Kabla ya kuuza maharagi, baba na mama wapime pamoja sehemu ya nyumba, mpaka mavuno mengine, wakaiweke kando. Sehemu hiyo isiguswe, hata kwa matanga. Ile inayobaki ndiyo ya soko.

2. Mtoto anyonye maziwa ya mama tu miezi sita ya kwanza. Kisha aanze uji mzito, na kunyonya kuendelee mpaka miaka miwili au zaidi.

3. Uji wa mtoto usiwe wa muhogo na sukari. Uwe wa mahindi, soja na mtama, ule ambao wengi katika Kivu wanauita masoso, na kijiko cha mafuta ya mawese. Soja ikaangwe vizuri kabla ya kusagwa, kwa sababu soja mbichi inalisumbua tumbo. Karanga zenye ukungu zitupwe. Zina sumu inayoharibu ini.

4. Maharagi yalowekwe usiku kucha. Yataiva upesi, na kuni zitapungua. Sombe itwangwe vizuri, ipikwe sana, kusudi sumu yake itoke.

5. Kila siku majani mabichi ya rangi nzito: lengalenga, sombe, majani ya maboga. Mafuta mekundu ya mawese na viazi vitamu vya rangi ya machungwa vinalinda macho ya watoto. Pamoja na maharagi kuleni nyanya, ndimu, pera au chungwa, kwa maana vinausaidia mwili kupokea chuma inayotengeneza damu. Chai inaizuia, inywewe baadaye, si pamoja na chakula.

6. Chungu kikitoka motoni, mtoto mdogo na mama mwenye mimba wapakuliwe kwanza, baba mwishoni. Najua hapa wanaume watanung'unika kuliko mahali pote. Waache wanung'unike. Mchungaji mwema hali mbele ya wanakondoo.

Enyi akina baba, hatuwaombi jambo la kuvuka ziwa. Hatuwaombi franga. Mmelima wenyewe, wake zenu wamevuna, mfuko uko nyuma ya mlango. Katika kila kilima chetu kuna makaburi madogo ya watoto waliokufa kwa bwaki, na wengi wao walikufa katika nyumba zilizokuwa na maharagi. Tukiendelea kusema kwamba maharagi si chakula, tutachimba mengine.

Leo jioni, kabla ya sala ya pamoja, kila baba afungue mfuko wake, apime vikombe vinavyotosha watu wa nyumba yake, avitie majini kwa mkono wake mwenyewe. Kesho watoto watakula. Na jirani akimwuliza walikula nini, asiseme «maharagi tu». Aseme: «Tulikula, tukashiba.»